Bosi anapigiwa simu, mfanyakazi anapanga foleni

Jumatatu ya Julai 1, 2019, Kenya iliamka na habari ya msiba. Bob Collymore, Mkurugenzi Mtendaji wa Safaricom, alikuwa amefariki dunia baada ya kuugua saratani. Siku iliyofuata bodi ya kampuni ilimtaja mtu wa kushika usukani kwa muda, na hakuna aliyehitaji kuuliza huyo ni nani. Alikuwa Michael Joseph, bosi wa kwanza wa kampuni hiyo, ambaye mwaka 2010 ndiye aliyemkabidhi ofisi Collymore huyohuyo.

Joseph aliikuta Safaricom mwaka 2000 ikiwa na wateja wasiofika 20,000. Alipoondoka, muongo mmoja baadaye, walikuwa zaidi ya milioni 16, na M-Pesa iliyozinduliwa Machi 2007 ilikwisha kuingia katika maisha ya watu, kuanzia muuza mboga hadi mbunge. Hakuwa amekwenda mbali: aliendelea kukaa kwenye bodi. Hivyo hakuna aliyemtembeza maofisini kumtambulisha. Alikaa miezi tisa, akampisha Peter Ndegwa aliyeanza kazi Aprili 1, 2020, na mambo yakaenda bila mtikisiko wa kuwatisha wanahisa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo ghorofa za juu. Mtu anaagwa kwa hotuba na zawadi, na siku mambo yakiharibika namba yake ya simu bado ipo. Ghorofa za chini habari ni nyingine. Aliyepunguzwa kazini anarudi kwa kuomba, kwa kushitaki, au kwa kukubali mkataba mfupi wenye mshahara mdogo kuliko ule aliouacha. Maofisa rasilimali watu siku hizi wanalizungumzia suala la kuwarudisha wafanyakazi wa zamani kama jambo moja, lakini ukitazama nani anarudi, kwa njia ipi na kwa masharti gani, unaona milango miwili.

Mlango wa juu una historia ndefu na ya kusisimua. Anayetajwa kila mara ni Steve Jobs, aliyeondoka Apple mwaka 1985 baada ya kushindwa katika mvutano na John Sculley, mtu ambaye yeye mwenyewe alimshawishi aje kuiongoza kampuni. Akaanzisha kampuni nyingine, NeXT. Desemba 1996 Apple, ikiwa hoi, ilitangaza kuinunua NeXT kwa zaidi ya dola milioni 400, na Jobs akarudi pamoja na mali. Mwaka wa fedha wa 1997 Apple ilipata hasara ya takriban dola bilioni moja. Jobs alikata bidhaa nyingi zilizokuwa zikitengenezwa, akakubali dola milioni 150 za hasimu wake Microsoft, na mwaka 1998 akaileta iMac. Mfumo endeshi wa kompyuta za Mac uliofuata ulijengwa juu ya kazi iliyofanyika NeXT. Kwa maneno mengine, miaka yake ya ugenini ndiyo iliyoiokoa nyumba aliyofukuzwa.

Hadithi hiyo hupendwa sana, na kwa sababu hiyo hudanganya. Inamfanya kila aliyewahi kuondoka aonekane mkombozi anayesubiri kuitwa.

Bei nayo imepanda. Noam Shazeer, mmoja wa waandishi wanane wa andiko la 2017 lililoweka msingi wa programu za akili unde tunazozitumia leo, aliondoka Google mwaka 2021. Yeye na mwenzake Daniel De Freitas walikuwa wametengeneza programu ya kuzungumza na watu, na wakubwa wakasita kuitoa hadharani. Wakaenda kuanzisha Character.AI. Agosti 2024 wote wawili walirudi Google katika makubaliano ambayo vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kuwa yaligharimu takriban dola bilioni 2.7. Fedha hizo zililipia leseni ya teknolojia ya kampuni yao, lakini wachambuzi wengi hawakuona haya kusema kwamba kilichokuwa kikinunuliwa ni mtu. Google ingeweza kumsikiliza bure mwaka 2021.

Upande wa pili wa sarafu ni A.G. Lafley wa Procter & Gamble, kampuni ya sabuni na nepi zinazouzwa hadi kwenye maduka ya mitaani kwetu. Aliiongoza kuanzia 2000 hadi 2009 akasifiwa dunia nzima. Katika miaka hiyo alinunua Clairol, akanunua Wella, na mwaka 2005 akaichukua Gillette ambayo ndani yake kulikuwa na betri za Duracell. Mwaka 2013 bodi ilimwita tena kutoka kustaafu. Safari hii kazi kubwa ikawa kuuza: Duracell ikaenda kwa Warren Buffett, na Clairol na Wella zikaingia kwenye furushi la bidhaa za urembo lililouzwa kwa kampuni ya Coty. Mtu alirudi kubomoa vyumba alivyovijenga mwenyewe. Mwaka 2015 alimwachia mwingine kiti hicho, na hakuna aliyelinganisha awamu hiyo na ile ya kwanza.

Mashabiki wa soka wa Tanzania hawahitaji mifano ya Marekani kulielewa hili. Agosti 2021 Simba iliwauza nyota wake wawili kwa mpigo: Clatous Chama akaenda RS Berkane ya Morocco, Luis Miquissone akaenda Al Ahly ya Misri. Chama alirejea Msimbazi Januari 2022, miezi michache tu baadaye, akaendelea kama mtu aliyetoka kwenda dukani, na akawa tegemeo hadi alipovuka kwenda Yanga mwaka 2024. Miquissone alirudi mwaka 2023 akipokewa kwa shangwe, lakini yule winga aliyeondoka hakuonekana tena. Klabu ileile, jezi ileile, mashabiki walewale. Muda aliokaa nje na mechi alizocheza huko vilikuwa na uzito kuliko mapenzi ya watu wa nyumbani. Mwajiri anayemrudisha mtu kwa kumbukumbu ya alivyokuwa zamani afikirie hilo kabla ya kuandika barua.

Tushuke sasa ngazi.

Mfanyakazi wa kawaida anapoondoka, kampuni hupoteza vitu ambavyo havimo kwenye faili lake. Mhasibu wa mikopo anajua ni mteja gani hulipa kila tarehe 5 na yupi husubiri atishiwe kukatiwa huduma. Fundi mitambo anasikia mlio wa mashine na kujua beringi imeanza kuchoka. Mpokeaji wageni anajua mzee yupi kati ya wateja asipewe namba ya foleni bali apelekwe moja kwa moja kwa meneja. Hayo hayafundishwi katika wiki ya utambulisho. Ukimpunguza mtu huyo leo kwa sababu jedwali la gharama limesema hivyo, utagundua alichokuwa akikifanya siku kitakapokosekana.

Novemba 2022 dunia ililitazama jambo hili likitokea kwa kasi ya kuchekesha. Elon Musk alikuwa ameinunua Twitter wiki iliyotangulia, akaondoa takriban nusu ya wafanyakazi wake wapatao 7,500. Kabla wiki haijaisha, vyombo vya habari vikaripoti kwamba makumi ya walioachishwa walikuwa wakiombwa warudi: baadhi walikuwa wameondolewa kimakosa, wengine waliondolewa kabla wakubwa hawajatambua kuwa kazi zao zilihitajika kwa mambo mapya ambayo Musk alitaka yajengwe. Hasara ya hapo ni zaidi ya aibu. Aliyeitwa tena baada ya siku tatu anajua thamani yake, anajua pia jinsi ilivyo rahisi kusahauliwa, na atakaa kwenye kiti hicho huku akitafuta kingine.

Sekta iliyotoa somo kubwa zaidi ni ya usafiri wa anga, wakati wa Uviko-19. Marekani, serikali ilitoa mabilioni ya dola mwaka 2020 ili mashirika yaendelee kulipa mishahara. Fedha zilipokwisha, Oktoba 1 mwaka huo American Airlines na United kwa pamoja ziliwapeleka likizo bila malipo wafanyakazi wapatao 32,000. Desemba bunge likapitisha dola bilioni 15 nyingine kwa ajili ya mishahara, kwa sharti kwamba waliosimamishwa waitwe. Wakaitwa. Jambo hilo liliwezekana kwa haraka kwa sababu mikataba ya vyama vya wafanyakazi ilikwisha kuandika utaratibu miaka mingi kabla: wa mwisho kuajiriwa ndiye wa kwanza kusimamishwa, na kuitwa kunafuata orodha ileile ikisomwa kutoka juu, aliyetangulia kazini akianza. Rubani aliyekaa nyumbani miezi miwili alirudi kwenye nafasi yake katika orodha. Hakujaza fomu ya maombi. Hakufanyiwa usaili na kijana aliyeajiriwa juzi.

Ulaya njia ikawa nyingine. British Airways ilipunguza wafanyakazi wapatao 10,000 mwaka 2020, na kampuni za kupakia mizigo na kukagua abiria nazo zikafanya hivyo. Abiria waliporudi kwa wingi mwaka 2022, waliopunguzwa walikuwa wamepata kazi katika maghala na magari ya usambazaji, na wengi hawakuona sababu ya kurejea kwenye zamu za alfajiri. Hata waliokubali walipaswa kusubiri uhakiki wa kiusalama upya. Julai mwaka huo uwanja wa Heathrow, London, ulilazimika kuweka ukomo wa abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku, na mashirika yakaombwa yaache kuuza tiketi za kiangazi. Uwanja ulikuwa mzima na ndege zilikuwepo. Watu ndio waliokosekana.

Sheria za kazi duniani zililiona jambo hili zamani. Pendekezo namba 166 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1982, linasema aliyeachishwa kwa sababu za kiuchumi apewe kipaumbele mwajiri anapoajiri tena watu wa sifa zile, ilimradi mwenyewe ameeleza kwamba anataka kurudi. Ufaransa imeliingiza hilo katika sheria: kwa mwaka mmoja baada ya kupunguzwa, mfanyakazi aliyeomba ana haki ya kufikiriwa kwanza. Afrika Kusini imeliweka katika kanuni zake za utendaji bora kuhusu upunguzaji.

Afrika Mashariki, anayetaka kurudi mara nyingi hupitia mahakamani, na njia hiyo ina miiba. Mwaka 2012 Kenya Airways, ikilia gharama, ilitangaza kupunguza wafanyakazi 599, baadhi kwa hiari na wengi bila hiari. Chama chao kikaenda mahakamani. Mwaka huohuo Mahakama ya kazi iliona upunguzaji ule haukuwa wa haki, ikaamuru wafanyakazi 447 warejeshwe. Furaha ile haikudumu. Julai 2014 Mahakama ya Rufaa iliifuta amri hiyo ya kuwarejesha. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 yenyewe inasema kumrudisha mtu kazini kuamriwe pale tu mazingira yanapokuwa ya kipekee sana, na sheria ya mahakama hiyo inaweka ukomo wa miaka mitatu tangu siku ya kuachishwa. Kesi ikipita mahakama mbili, miaka mitatu ni kama kesho.

Hapo ndipo mwandishi huyu anapoona ukakasi. Bodi inaweza kumrudisha bosi baada ya miaka tisa na ikaitwa busara. Mhudumu wa ndege akiomba arudishwe baada ya miaka miwili, anaambiwa nafasi yake imefutwa na kwamba uhusiano wa kuaminiana umevunjika.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilipotungwa ilimpa aliyeachishwa isivyo haki njia tatu. Ya kwanza ni kurejeshwa kazini kana kwamba hakuwahi kuondoka, na mishahara yake yote ya kipindi alichokaa nje. Ya pili ni kuajiriwa upya kwa masharti ambayo mwamuzi atayaweka. Ya tatu ni fidia. Lakini sheria hiyohiyo ikamwachia mwajiri upenyo: asipotaka kumwona tena mtu huyo, anaweza kulipa fidia ya mishahara ya miezi 12 juu ya mishahara na stahiki nyingine za tangu siku alipomwondoa. Wengi huchagua kulipa. Mawakili wa pande zote mbili wanalijua hilo, hivyo mazungumzo mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi huelekea haraka kwenye kiasi cha pesa, na kiti chenyewe kinasahaulika.

Serikali nayo, ambayo ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote nchini, imewahi kujikuta ikiita watu. Aprili 28, 2017, Rais John Magufuli alikabidhiwa Dodoma majina ya watumishi 9,932 waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa. Katika wimbi hilohilo la uhakiki waliondolewa pia watumishi wa darasa la saba, madereva, wahudumu na walinzi, kwa kuwa hawakuwa na cheti cha kidato cha nne kilichotakiwa na waraka wa mwaka 2004. Kosa la hawa lilikuwa lipi, wakati wengi waliajiriwa kabla ya waraka huo kuandikwa? Mwaka 2018 Serikali iliagiza walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 warudishwe kazini na walipwe malimbikizo yao. Walirudi wakiwa na miaka yao ya utumishi, na hilo ndilo la msingi.

Maana miaka ndiyo inayopotea kimyakimya. Kampuni binafsi inapompigia simu mfanyakazi wake wa zamani, mara nyingi haimrejeshi; inamwajiri upya. Kwa mdomo anaambiwa "karibu nyumbani", kwenye karatasi ni mgeni. Kuna kipindi cha majaribio, kwa mtu aliyewafundisha kazi hao wanaomjaribu. Likizo inaanza kuhesabiwa sifuri. Kiinua mgongo pia. Tanzania sheria inataka angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi mfululizo, hadi miaka kumi. Kenya inataka siku 15 kwa kila mwaka kwa anayepunguzwa. Mtu aliyefanya kazi miaka tisa, akalipwa, akakaa nje mwaka mmoja na kurudi kwa mkataba mpya, akipunguzwa tena baada ya miezi 18 atalipwa kiinua mgongo cha mwaka mmoja. Na akiwa ndiye mpya kuliko wote, orodha ya upunguzaji inayofuata kanuni ya wa mwisho kuingia itaanza na yeye.

Waajiri wana hofu zao, na si zote za kubeza. Wengine wanaona kumwita mtu waliyemwondoa ni kulamba matapishi mbele ya ofisi nzima. Wengine wanawaza waliobaki: yule aliyevumilia mshahara kuchelewa miezi mitatu atajisikiaje akimwona mwenzake, aliyekimbilia kwa mshindani, anarudi na cheo kikubwa zaidi? Swali hilo ni la haki, na kampuni inayolikwepa hupoteza watu wawili kwa kumpata mmoja. Dawa yake ni kurekebisha kwanza mishahara ya waliobaki, kisha ndiyo simu ipigwe. Kuna pia wanaorudi na sababu ileile iliyowaondoa ikiwa bado imekaa ofisini, pengine kwenye kiti cha meneja. Huyo ataondoka tena, na safari ya pili hataaga.

Yanayowezekana hayahitaji bunge kukaa. Chama cha wafanyakazi kinaweza kuandika katika mkataba wa hali bora kwamba waliopunguzwa wataitwa kwanza kwa mwaka mmoja au miwili, kwa orodha inayojulikana, na kwamba atakayerudi ndani ya muda huo ataunganishiwa utumishi wake. Marubani wa Marekani waliyapata hayo mezani, kwenye majadiliano na waajiri wao, miaka mingi kabla ya Uviko-19.

Nawe msomaji uliyepigiwa simu wiki hii na ofisi yako ya zamani, kabla ya kukubali uliza mambo matatu na utake majibu kwa maandishi: miaka yako ya nyuma inahesabiwa au haihesabiwi, kipindi cha majaribio kipo au hakipo, na mkataba ni wa kudumu au wa muda maalumu. Na wewe uliyeachishwa Tanzania bila haki na ungali unataka kurudi, usingoje hasira ipoe. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.